Ujumbe Usiosikilizwa

Zamani faili la kesi ya mauaji lililetwa na tarishi, limefungwa kwa kamba, na wakili akilipima tu kwa mkono alijua kama kuna kazi au hakuna. Faili nene lilikuwa na mashahidi wengi, na mashahidi wengi hupingana. Faili jembamba lilimaanisha polisi wana uhakika, au hawana kitu. Wakili tunayemzungumzia hapa alikuwa amekula chumvi ya kutosha katika kazi hiyo. Watu wa mahakamani, kuanzia makarani hadi walinzi wa getini, walimwita Bi Pingamizi, kwa sababu hakuweza kukaa muda mrefu bila kusimama kupinga jambo. Jina lilimkaa, naye hakulikataa.

Kesi hii haikuja na faili. Ilikuja na diski, kijisanduku cheusi cha kuenea kiganjani, pamoja na karatasi ya kutia saini kwamba kimepokelewa. Ndani yake, alivyoelezwa, mlikuwa na kila kilichokuwemo kwenye simu tatu: ya marehemu, ya mshtakiwa, na ya binti wa marehemu, ambaye aliipeleka ya kwake polisi kwa hiari yake. Meseji, picha, sauti, safari, hata mambo ambayo wenye simu walidhani wameyafuta. Ukiyachapa yote, ungehitaji lori.

Bi Pingamizi alikigeuza kile kijisanduku huku na huku, akamuuliza mwenzake kinasomwaje.

Yeye na mwenzake huyo walikuwa wakichangia ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la miwani. Alikuwa amefundisha kompyuta chuoni kwa miaka mingi kabla ya kusomea sheria, akaingia kwenye uwakili kichwa kikiwa kimeshaanza kuota mvi. Karani wao alimbandika jina la Bwana Diski. Ndiye aliyeshawishi ofisi ijiunge na programu ya kuchambua ushahidi, programu inayosoma meseji zote, kusikiliza sauti na kuziweka katika maandishi, na kukuonyesha nani alikuwa wapi na lini. Polisi walikuwa nayo ya kwao siku nyingi. Upande wa utetezi ndio kwanza unaamka. Bi Pingamizi hakuwa na imani nayo wala hakuichukia. Aliichukulia kama shahidi yeyote mgeni: tumsikilize kwanza, kumhoji kutakuja.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mzee mmoja, mpima ardhi mstaafu aliyefiwa na mkewe, alipigwa na kiharusi. Kikamlemaza upande mmoja wa mwili, na mdomo ukapinda. Asubuhi moja akakutwa amefariki kitandani, na uchunguzi ukaonyesha kwamba alikuwa na dawa ya usingizi nyingi mno mwilini. Vidonge vyake vilitunzwa kwenye kabati lenye kufuli, na ufunguo alikuwa nao mhudumu wake, mwanamke wa makamo aliyekuwa akiishi naye humo ndani, akimwogesha, akimlisha na kumgeuza kitandani. Mzee alimwita Dada, na mtaa mzima ukamwita hivyo.

Binti wa marehemu, daktari wa meno katika mji mwingine, ndiye mtoto pekee. Alipoambiwa dawa ilikuwa nyingi na ufunguo ulikuwa kwa nani, hakuhitaji kufikiri sana. Polisi nao walipoifungua simu ya Dada walikuta mambo mawili. La kwanza, siku chache kabla ya msiba aliuliza mtandaoni kama mzee akimeza vidonge vya usingizi zaidi ya kimoja anaweza kudhurika. La pili, jioni ya mwisho alimwandikia binti maneno haya: "Mzee leo amepumzika mapema. Usiwe na wasiwasi, hatakusumbua tena."

Programu ya polisi iliyapiga rangi nyekundu maneno mawili, amepumzika na hatakusumbua, na ripoti ikasema kwamba aliyeandika alikijua kifo kabla hakijagunduliwa. Bi Pingamizi alilisoma hilo akaguna. Mtu yeyote aliyezaliwa na lugha hii anajua kwamba kupumzika ni kupumzika tu, mpaka pale jeneza litakapoonekana. Lakini neno likishapigwa rangi nyekundu, hata mwenye lugha yake huanza kulitilia shaka.

Alikwenda mahabusu kumwona mteja wake. Walikaa kwenye chumba chenye meza iliyopigiliwa misumari sakafuni, askari jela akiwa mlangoni. Dada alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye mikono ya mtu aliyebeba wagonjwa. Kabla ya kuulizwa lolote, aliuliza yeye.

"Nasikia wameisoma simu yangu."

"Wameisoma."

"Yote?"

"Yote. Na sisi tumeisoma."

Dada alijifunika uso kwa viganja. Kulikuwa na mwanamume mmoja, dereva wa magari ya mizigo, na waliandikiana mambo ambayo watu wazima huandikiana wakiwa mbali. Bi Pingamizi alimwambia kwamba hayo hayahusiani na kesi. Dada akajibu, bila kuondoa viganja, kwamba anajua hayahusiani, ndiyo maana yanamuuma.

Alipotulia alieleza. Mzee alikuwa akimsumbua binti yake kwa simu mchana kutwa, mpaka binti akaanza kumlalamikia Dada. Siku ile mzee hakutaka kupiga simu kabisa. Alikula vizuri, akaomba afungiwe mlango azungumze na simu yake peke yake, kisha akaomba kulala mapema. Dada akaona mambo yamekuwa mepesi, akampelekea binti habari njema. Kuhusu lile swali la mtandaoni, mzee alikuwa akimbembeleza amwongeze kidonge, akidai kimoja hakimlazi. Yeye akataka kujua kama viwili vina madhara. Alipoona vina madhara akakataa, na mzee akamnunia siku mbili. Kidonge alikuwa akimtia mdomoni kwa mkono wake mwenyewe, anampa maji, na mzee anafungua mdomo kuonyesha kimekwenda.

"Uliposema azungumze na simu," akauliza Bi Pingamizi, "alizungumza na nani?"

"Na mwanawe. Sio kuzungumza hasa. Mkono ulikuwa hauandiki, kwa hiyo alikuwa anamtumia sauti. Kila jioni. Hajibiwi, lakini anatuma."

Bi Pingamizi alirudi ofisini na swali hilo moja. Bwana Diski alikaa mbele ya kompyuta, akaanza kuchimba. Kwenye simu ya mzee hakukuwa na kitu. Ilikuwa imepangwa kufuta mazungumzo kila baada ya muda. Lakini kwenye simu ya binti sauti za mzee zilikuwamo, nyingi, zimepangana kama matofali. Polisi waliziona. Programu yao ilizigeuza kuwa maandishi, na maandishi yalipotoka yalikuwa upuuzi mtupu. Mahali pamoja mzee alionekana kusema kwamba bata wa mama amepanda juu ya sukari. Walipotafuta neno dawa, au ufunguo, au sumu, hawakulipata, wakaandika kwenye kiambatisho kwamba ni sauti zisizoeleweka, hazina umuhimu. Kiharusi kilikuwa kimeyapinda maneno ya mzee pamoja na mdomo wake, na mashine haikufundishwa kusikiliza midomo iliyopinda.

Programu ya ofisi yao haikufanya vizuri zaidi. Nayo iliandika bata na sukari. Ila ilikuwa na safu moja ya ziada, inayoonyesha kila ujumbe ulifika lini na ulifunguliwa lini. Bwana Diski aliishusha safu hiyo taratibu. Za miezi ya mwanzo zote zilifunguliwa siku hiyohiyo. Kisha zikawa zinafunguliwa mwishoni mwa wiki, kwa mkupuo. Kisha mara mojamoja. Za mwisho hazikufunguliwa kabisa. Na ya mwisho kati ya hizo, ndefu kuliko zote, ilitumwa jioni ile ambayo mzee aliomba afungiwe mlango.

Waliisikiliza wawili hao, mlango wa ofisi umefungwa. Kulisikika pumzi nzito, kiti kikilia, na sauti ya mtu anayezungumza kana kwamba yuko chini ya maji. Bi Pingamizi aliambulia mwanangu, na pengine ulimi. Basi.

Aliomba kibali cha kuingia na kompyuta mahabusu, akakipata baada ya kuzungushwa. Dada alisikiliza mara ya kwanza ameinamisha kichwa. Mara ya pili alieleza neno baada ya neno, akisimamisha pale inapobidi, kama mtu anayesoma barua ambayo ameuzoea mwandiko wake. Bi Pingamizi alianza kuandika, akafika mahali akaiweka kalamu chini. Mzee alikuwa akiaga. Alikuwa akieleza jinsi alivyoviweka akiba vidonge, na kwamba Dada hajui lolote. Alipomaliza, Dada alilia, na askari jela akatazama pembeni.

Sasa ukweli ulikuwa mkononi, lakini haukuwa na miguu ya kuupeleka mahakamani. Mfasiri wake pekee alikuwa mshtakiwa mwenyewe, na kesi ya nyani haiamuliwi na ngedere. Walimtafuta daktari wa mambo ya usemi katika hospitali kubwa. Akasikiliza asubuhi nzima akiwa na vipokea sauti masikioni, mwishowe akasema kwa unyofu kwamba sehemu ndogo anaweza kuiapia, nyingine zote atakuwa anabahatisha. Bwana Diski alifikiria kuifundisha mashine, kuilisha sauti nyingine za mzee pamoja na tafsiri zake ili ijifunze kumwelewa. Kisha akajijibu mwenyewe: tafsiri hizo zitatoka kwa nani? Kwa Dada. Mwendesha mashtaka angeichana mbele ya jaji kama karatasi iliyolowa.

Dada ndiye aliyewaonyesha njia, tena bila kujua kama ni njia. Alisema katika mazungumzo tu kwamba binti alikuwa akimwelewa baba yake kuliko hata yeye. Alipokuwa akija kumtazama walizungumza mpaka wanacheka, na hakuwahi kumwomba arudie. Kwani kazi yake si ni hiyo, akasema Dada, kutwa anazungumza na watu ambao midomo imekufa ganzi?

Hapo ndipo wenye ofisi walipotofautiana. Bwana Diski alishikilia kwamba binti aambiwe mapema. Apelekewe sauti kupitia kwa mwendesha mashtaka, aisikilize nyumbani kwake, mumewe akiwa kando, alie anavyotaka kulia, kisha aje mahakamani. Mtu hapaswi kusikia buriani ya baba yake mbele ya karani anayechapa. Bi Pingamizi alikubali kwamba hayo yote ni kweli. Lakini akisikia nyumbani, akasema, atakuwa na wiki nzima ya kuamua alichosikia.

"Kwa hiyo unadhani atadanganya," Bwana Diski akasema.

"Sidhani kama ni mwongo. Nadhani ni mtu. Mtu ukimpa wiki moja na aibu, mwishowe hata yeye mwenyewe hajui alisikia nini."

"Na wewe ungependa kufanyiwa hivyo?"

"Mimi sio niliyeko kizimbani."

Waliishia hapo. Bwana Diski hakulijadili tena, ila kwa siku kadhaa alizungumza naye mambo ya kazi tu, na chai yake akaenda kuinywa kwa watu wa duka la miwani. Bi Pingamizi aliliona hilo, akaliacha. Alikuwa na mteja mmoja, na mteja huyo alikuwa akilala kwenye saruji.

Siku ya ushahidi binti alipanda kizimba cha mashahidi akiwa amevaa gauni jeusi, nywele zimebanwa nyuma, sauti imetulia. Alieleza vizuri alipoulizwa na mwendesha mashtaka. Meseji ya amepumzika ilisomwa, watu wakatikisa vichwa. Kisha Bi Pingamizi akasimama. Hakuanza na meseji. Alimuuliza kuhusu baba yake, kazi ya upimaji, jinsi walivyokuwa wakizungumza baada ya kiharusi. Binti alikiri kwamba alimwelewa. Tena alilisema kwa fahari kidogo, kwamba madaktari walishindwa na yeye akaweza.

Akaulizwa kama baba yake alikuwa akimtumia ujumbe wa sauti. Akasema ndiyo. Akaulizwa kama alikuwa akiusikiliza.

Binti akasema kwamba mwanzoni alisikiliza wote. Baadaye simu ikawa inalia katikati ya kazi, mikono imo kinywani mwa mtu, akainyamazisha. Alikuwa akijiambia atasikiliza siku ya mapumziko. Watoto ni wadogo, kliniki ni yake mwenyewe. Alisema hayo yote bila kuulizwa, na Bi Pingamizi hakumkatiza wala hakumbana.

Akamgeukia jaji, mwanamume mwenye miwani mizito na subira ya kutosha, akaomba mahakama isikilize ujumbe wa mwisho wa marehemu, na akaomba vilevile watu watolewe nje. Mwendesha mashtaka alisimama kupinga. Alisema hawakupewa taarifa, na chanzo chake hakijulikani. Bi Pingamizi akamjibu kwa upole, jambo lisilokuwa la kawaida yake, kwamba chanzo ni simu ya shahidi huyuhuyu, imenakiliwa na wataalamu wa serikali, na ujumbe umo kwenye diski waliyoipa utetezi wao wenyewe. Kama hawakuusikiliza, hilo si kosa la mshtakiwa. Mwendesha mashtaka, ambaye hakuwa mtu mbaya, alipekua kiambatisho chake, akausoma ule mstari unaosema hazina umuhimu, akakaa.

Watu walitolewa. Jaji alimwambia binti anaweza kukataa kwa sasa na kurudi siku nyingine. Binti alimtazama Bi Pingamizi, akamtazama Dada kizimbani, akasema ipigwe.

Bwana Diski ndiye aliyeendesha kompyuta. Alipiga kipande kidogo, akasimamisha, binti akaeleza, karani akachapa. Binti alisikiliza ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anavyofanya bila shaka juu ya kiti cha mgonjwa.

"Anasema leo hanipigii kwa sababu anajua niko kazini," alianza. "Anasema mguu haumsikii, mkono haumsikii, na sasa hata jina la mama likimtoka mdomoni linatoka vibaya. Anasema amechoka kuoshwa."

Kipande kingine.

"Anasema vidonge..." Alisimama, akaomba kirudiwe. Kikarudiwa. Alipoendelea, lile neno "anasema" lilikuwa limemponyoka, akawa anazungumza kwa kinywa cha baba yake bila mwenyewe kujua. "Nilikuwa navibana chini ya ulimi. Dada akigeuka kuweka bilauri, natoa. Naviweka kwenye redio, mahali pa betri. Dada hajui. Wasimguse Dada. Ananiogesha kama mtoto na hajawahi kunikunjia uso."

Vidole vya karani viliendelea kuchapa. Dada alikuwa ameshika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili.

Kikabaki kipande cha mwisho. Kilipigwa, binti akasikiliza mpaka mwisho, lakini hakusema kitu. Jaji akamuuliza marehemu anasema nini hapo.

"Hapo anazungumza na mimi," binti akasema. "Hayahusu kesi."

Jaji aliwatazama mawakili mmoja baada ya mwingine. Mwendesha mashtaka alitikisa kichwa kwamba haombi zaidi. Bi Pingamizi, aliyekuwa ameshatafsiriwa kipande hicho kule mahabusu na kukiweka moyoni, naye akasema haombi. Hilo lilikuwa pingamizi pekee siku ile ambalo hakulitoa.

Kisha binti, bila kuulizwa, akasema kwamba redio anayo yeye. Aliichukua baada ya mazishi, iko chumbani kwa watoto, inafanya kazi kwa umeme. Betri hajawahi kuzitazama.

Jaji aliahirisha shauri, akaamuru askari wafuatane na binti hadi nyumbani na redio isiguswe na mtu mwingine. Ilifunguliwa mbele ya pande zote mbili. Mahali pa betri hapakuwa na betri. Palikuwa na vumbi jeupe kwenye pembe, na kidonge kimoja kilichobanwa nyuma ya springi, nusu kimeyeyuka kwa mate na kukauka tena. Maabara ililinganisha. Kikao kilichofuata mwendesha mashtaka alisimama, akasema kwa ufupi kwamba Jamhuri haina nia ya kuendelea na shauri hili. Dada akaambiwa yuko huru. Alibaki amesimama kizimbani mpaka askari alipomfungulia kilango na kumwonyesha kwa mkono kwamba apite.

Bi Pingamizi alikuwa akikusanya makaratasi yake kwenye ukumbi wa nje alipomwona binti anamjia. Alikuwa peke yake. Hakuwa amelia, au alikuwa amemaliza.

"Uliujua tangu lini?" aliuliza.

"Wiki kadhaa kabla."

"Ungeweza kuniambia."

"Ningeweza."

Binti alingoja, labda akidhani kutafuata maelezo. Hayakufuata. Bi Pingamizi alikuwa na maelezo, tena mazuri, lakini aliona kwamba hayakuwa mali ya mtu huyu.

"Na yale ya mwisho uliyajua?"

"Niliyajua."

Maneno yenyewe yalikuwa machache. Mzee alisema anajua mwanawe hasikilizi siku hizi, na hamlaumu, maana yeye mwenyewe alipokuwa kijana porini na mikanda yake ya kupimia hakuwa akimsikiliza mtu. Na kwamba ndiyo maana leo ameweza kusema yote, kwa kuwa anajua hayatasikika mpaka mambo yawe yamekwisha.

"Kama ningeusikiliza jioni ile," binti akasema. Hakumalizia.

Wakili mwingine angejua la kusema hapo. Bi Pingamizi alisema hajui, kwa sababu hakujua. Walisimama pamoja kidogo, watu wakiwapita na mafaili yao, kisha binti akaaga kwa kumpa mkono, akashuka ngazi.

Jioni ile Bwana Diski alipika chai ofisini, akamwekea na mwenzake kikombe. Alisema bado anaamini binti angepaswa kuambiwa. Bi Pingamizi akasema huenda. Wakanywa.

Tangu hapo hata hivyo ofisi ilibadili jambo moja. Diski inapofika, mashine husoma kwanza, kama kawaida, na huwaokolea miezi ya kazi, hakuna anayebisha. Lakini pale inapoandika kwamba sauti haieleweki, mmoja wao hukaa na kuisikiliza kwa masikio yake. Mara nyingi ni mlevi, au upepo, au mtu aliyekalia simu. Wanasikiliza tu.

Dada alikuja ofisini baadaye kuchukua simu yake, iliyorudishwa na polisi ndani ya mfuko wa nailoni. Aliuliza kama yale maneno yake na yule dereva sasa yamefutwa. Bwana Diski alimweleza kwa uangalifu kwamba hapana, nakala za ushahidi hutunzwa kwa miaka kadhaa kisheria, polisi na hapo ofisini pia, ingawa hakuna atakayezifungua bila sababu.

"Kwa hiyo mimi nimetoka," Dada akasema, "maneno yangu bado yako ndani."

Alitia saini, akaitoa simu mfukoni, akaifuta kwa kiganja. Bi Pingamizi alimuuliza, kwa kuzungumza tu, kama si afadhali angenunua nyingine na hii aitupe, maana hata kuitazama haimpendezi. Dada alisema amefikiria hivyo, lakini ameshamwambia binti wa mzee kwamba kuanzia leo amtafute kwa namba hii. Kwani bado wanawasiliana? Wanawasiliana. Binti ameanza kuzisikiliza zile sauti za baba yake zilizobaki, kuanzia ya mwanzo, moja kila jioni akimaliza kazi. Nyingi anazielewa. Zile zinazomshinda anamtumia Dada kwa simu ya jirani yake aliyekuwa akimhifadhi, naye anamwambia mzee alikuwa anasema nini.

"Na alikuwa anasema nini?" akauliza Bwana Diski.

"Mambo tu," Dada akasema, akiitia simu kwenye mkoba. "Ya jana alikuwa ananisemea kwamba mboga nimetia chumvi nyingi."